Bolti Moja ya Sampu: Kisa cha Mhitimu wa Ufundi wa Magari na Kosa Alilolinyamazia

Kisa hiki kilitokea katika gereji ninayoisimamia jijini Dar es Salaam, na kinamhusu kijana aliyekuwa na miezi mitano tu kazini tangu ahitimu mafunzo ya ufundi wa magari ngazi ya pili, yaani NVA II. Jina lake sitalitaja, wala la gereji, wala la chuo alikosoma. Nimeamua kukiandika kwa urefu kwa sababu kila ninapokutana na wenye gereji na wasimamizi wenzangu malalamiko huwa ni yale yale, kwamba vyuo vinatuletea vijana wenye vyeti lakini wasio na tabia ya kazi, na kwa miaka mingi nami nilikuwa nikiitikia. Baada ya kisa hiki nilianza kuuliza tabia hiyo hujengwa wapi, na ni nani anayeibomoa.

Kilichotokea

Jumatano moja saa tisa alasiri ililetwa Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE kwa huduma ya kawaida: kubadilisha oili na filta yake, na kuangalia breki. Mwenye gari alikuwa na safari ya msibani Morogoro alfajiri ya siku iliyofuata, hivyo akaomba gari lake litoke kabla ya giza. Kazi akapewa kijana huyo, ambaye wakati huo tulikuwa tumeshamzoea kwa huduma za aina hiyo.

Bolti ya kumwagia oili, ile iliyo chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ilikuwa imekazwa kupita kiasi na fundi wa gereji nyingine aliyelihudumia gari hilo kabla yetu. Kijana aliifungua kwa shida, akamwaga oili, akabadilisha filta, na alipoirudisha bolti akaona inazunguka bila kukaza. Thredi za tundu, yaani mikato inayoishika bolti, zilikuwa zimekwisha. Akaivua, akaizungushia tepu nyeupe inayotumiwa na mafundi bomba, akapaka silikoni juu yake, akairudisha na kuikaza kwa kadiri ilivyokubali. Akajaza lita 3.7 za oili, akawasha injini kwa dakika chache, akalala chini kuangalia: pakavu. Fundi mkuu alipopita akauliza, "Dogo, IST tayari?" Akajibu, "Tayari, fundi." Gari likatoka kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Asubuhi yake, mwenye gari akiwa ameshapita Chalinze lakini hajafika Mikese, bolti ilichomoka na oili yote ikamwagika barabarani. Taa nyekundu ya oili iliwaka. Lakini gari hilo lilikuwa na taa ya njano ya injini iliyowaka kwa zaidi ya mwaka mzima bila kumletea shida yoyote, na mzee huyo, kama madereva wengi wa magari ya mtumba, alikuwa ameshazoea kuendesha huku taa zikimwangalia. Aliendelea mpaka aliposikia injini inagonga. Gari likavutwa hadi Morogoro, na mafundi wa huko walipolifungua wakakuta beringi za konrodi zimekwisha na kranki imechubuka. Injini ilikuwa imenoki. Ilibidi inunuliwe nyingine ya mtumba, na gharama tukaibeba sisi.

Kijana hakukana. Alipoulizwa alieleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa, mpaka tepu na silikoni, na maelezo yake yalifanana kabisa na kilichoonekana kwenye gari. Mwenye gereji alitaka kumfukuza siku hiyo hiyo. Nikamwomba wiki mbili za kuchunguza, akakubali kwa shingo upande.

Alichokuwa anakijua

Dhana ya kwanza niliyotaka kuiondoa au kuithibitisha ilikuwa ya ujuzi. Nilimweka mbele ya gari jingine lenye injini ya aina hiyo hiyo na kumwomba anieleze huduma nzima kuanzia mwanzo. Alijua kwamba bolti ya sampu hukazwa kwa takriban Nm 37 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na alijua kuigeuza namba hiyo kuwa kitu ambacho mkono unaweza kukielewa: spana ya urefu wa sentimita 25 ikisukumwa kwenye ncha kwa nguvu ya uzito wa kilo 15 hivi. Alijua kwamba washa ya bolti hiyo hubadilishwa kila oili inapomwagwa, jambo ambalo gereji nyingi, yetu ikiwemo, hulipuuza. Nikamsogeza mbele zaidi. Bolti za silinda hedi, akasema, hukazwa kwanza kwa Nm 29, kisha zote huzungushwa nyuzi 90, kisha 90 nyingine, kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda nje. Alipoonyeshwa msimbo wa hitilafu P0171 kwenye mashine ya kupimia alisema mchanganyiko wa hewa na mafuta una upungufu wa mafuta, na kabla ya kugusa chochote angetafuta hewa inayoingia kwa njia isiyo yake. Nina mafundi wa miaka kumi wasioweza kunijibu hivyo.

Dhana ya pili ilikuwa ya nidhamu kwa maana ile tunayoizoea. Katika miezi mitano hiyo alichelewa mara moja tu, siku ya mvua kubwa. Ovaroli lake lilikuwa safi, spana alizirudisha ubaoni kwa kuzihesabu, wakubwa aliwaamkia na wenzake aliwasaidia. Niliomba kuona fomu ya tathmini ya mafunzo yake kwa vitendo, na kwenye vipengele vya kuwahi kazini, usafi, utii na ushirikiano alikuwa amepata alama za juu kabisa. Ningepewa mimi fomu hiyo siku moja kabla ya tukio, nisingebadilisha alama hata moja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kipimo chenyewe kina kasoro. Fomu ile hupima mambo ambayo msimamizi anayaona akiwa amesimama mlangoni. Jambo lililoharibu injini ya mzee yule lilitokea chini ya gari, ndani ya dakika mbili, mtu akiwa peke yake na bolti inayozunguka, na hakuna kisanduku kinachouliza mwanafunzi hufanya nini anapogundua kwamba ameharibu kitu au amekikuta kimeharibika. Kwa maoni yangu utayari wa kazi katika fani hii umejificha hapo. Gari ni chombo ambacho sehemu kubwa ya kazi yake haionekani tena baada ya kufungwa: mteja hawezi kuikagua, fundi mkuu hana muda wa kuikagua yote, na anayejua ukweli ni aliyeshika spana. Fundi asiyejua kukaza atafundishwa kukaza kwa wiki moja. Asiyeweza kusema kwamba imeharibika ni hatari kuliko huyo, na ujuzi wake mwingi humwongezea uwezo wa kuficha, kwa kuwa tepu na silikoni vilifanya kazi nzuri kiasi cha kumpita fundi mkuu.

Kwa nini alinyamaza

Nilimuuliza swali hilo tukiwa wawili, saa kumi na moja jioni, wenzake wameshaondoka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Miezi miwili kabla ya hapo alikatikiwa na bolti moja ya tairi wakati anafungua, na siku hiyo alikwenda mwenyewe kwa fundi mkuu kueleza. Mwisho wa mwezi mshahara wake ulipungua. Hakuandikiwa chochote, hakuulizwa chochote. Alihesabu fedha akaona hazitoshi, na alipouliza kwenye dirisha la malipo akaambiwa ni ile bolti.

Nilirudi kwenye daftari la malipo na kukuta ni kweli. Kwa hiyo kijana huyu, kabla hajanyamaza, alikuwa ameshajaribu kusema, na gereji yetu ilimfundisha kwa mshahara wake kwamba kusema kuna gharama na kunyamaza kuna nafasi ya kupona. Tulimfundisha vizuri kuliko chuo.

Makato yale hayakuwa na uhalali pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, naye akajulishwa kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, akapewa nafasi ya kupinga, fidia ikawa haizidi hasara halisi, na makato yakawa hayazidi robo ya mshahara. Katika gereji nyingi za mjini hakuna anayefuata hata sharti moja kati ya hayo. Makato ya kimyakimya yamekuwa desturi, na wengi wetu tunayaita malezi.

Baada ya hapo niliipitia jioni ile ya Jumatano hatua kwa hatua, nikitafuta mahali ambapo ukweli ungeweza kutoka. Wakati wa kupokea gari hakuna aliyelikagua na kuandika hali yake, kwa hiyo hitilafu yoyote iliyoletwa kutoka gereji nyingine iligeuka kuwa ya yule atakayeikuta. Bolti ilipoanza kuzunguka, suluhisho la kifundi lilikuwepo: bolti ya kipimo kinachofuata inayojikatia thredi mpya, au kutengeneza thredi upya kwa kuchonga na kuweka ndani yake kipande cha chuma chenye thredi, au kubadilisha sampu yenyewe. Yote hayo yalihitaji kununua kitu dukani, na ili apewe fedha ilimpasa aeleze sababu kwenye dirisha lile lile alilokatwa. Kisha likaja swali la fundi mkuu. Nimelifikiria sana swali hilo la "tayari?", ambalo mimi mwenyewe huliuliza labda mara ishirini kwa siku. Lina jibu moja tu linalokubalika, hasa mteja akiwa amekaa kwenye benchi anaangalia saa. Mwisho, gari lilitoka bila macho ya mtu wa pili kulipitia chini.

Simwondolei kosa lake. Alijua gari linasafiri, alijua linakwenda msibani, na injini inayokufa ghafla kwenye barabara ya Morogoro, kati ya mabasi na malori, ingeweza kuua watu. Alikuwa na usiku mzima wa kupiga simu. Hilo nilimwambia bila kulipunguza, naye alilipokea bila kujitetea. Mzee alipokuja kuchukua gari baada ya matengenezo, kijana aliomba azungumze naye mwenyewe. Alisimama mbele yake ameshika kofia, akaeleza alichofanya, akaomba radhi. Mzee hakupandisha sauti. Alimtazama, akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu. Ningepanda basi."

Chuoni

Nilimtembelea mwalimu aliyemfundisha, mtu makini anayependa kazi yake, na alinionyesha karakana bila kuficha kitu. Injini za mazoezi ziko juu ya stendi. Zimefunguliwa na kufungwa na makundi ya wanafunzi mwaka baada ya mwaka, na nyingi haziwaki tena. Nilishika bolti moja ya sampu kwenye injini mojawapo nikaizungusha kwa vidole: haikazi. Ilikuwa hivyo siku nyingi, mwalimu akasema, na haina madhara kwa sababu ndani hakuna oili. Nilisimama pale nikiwa nimeishika bolti ile kwa muda. Wanafunzi wamepita hapo kwa miaka, wakairudisha bolti isiyokaza, wakapewa alama za kufunga injini kwa mpangilio sahihi.

Kuna jambo la pili. Kifaa kikivunjika karakanani, kundi zima hulipia, na kwa sababu hiyo kundi hujifunza kutomtaja aliyevunja. Nia ya utaratibu huo ni kulinda vifaa vichache vilivyopo, na ninaielewa. Matokeo yake ni kwamba kijana anahitimu akiwa na mazoezi ya miaka miwili ya kukaa kimya, na kukaa kimya huko kukiwa kunahesabiwa kuwa uungwana kwa wenzake.

Kisha nikaomba kuona kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, yale ya wiki nane alizokaa kwenye gereji nyingine kabla ya kuhitimu. Kila siku ina mstari: nimejifunza kumwaga oili, nimejifunza kubadilisha pedi za breki, nimejifunza kusafisha plagi. Hakuna siku hata moja iliyoandikwa kwamba kitu kimeshindikana, kimevunjika au kimerudiwa. Saini za msimamizi zote zina wino mmoja na mwinamo mmoja, dalili kwamba zilitiwa kwa mkao mmoja. Nilitaka kumlaumu msimamizi huyo, mpaka nilipofungua droo yangu na kukuta nakala za vitabu nilivyowasainia wanafunzi wengine. Ni vile vile.

Watu wengi wanapofika hapa husema kwamba afadhali fundi wa mtaani. Tunaye mmoja, aliyefundishwa na fundi mmoja kwa miaka sita chini ya mwembe, na aliyepata cheti baadaye kupitia utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo. Nilimuuliza angefanya nini na bolti ile. Alicheka, akasema angemwambia mzee wake, mzee angemtukana, halafu angemwonyesha. Sehemu ya pili ya jibu hilo ndiyo ya maana: matusi yalifuatwa na maelekezo, na baada ya maelekezo shauri liliisha, mshahara haukuguswa. Lakini fundi huyo huyo hukaza kila kitu kwa hisia za mkono na hafungui kitabu cha kiwanda, na siwezi kumpa injini ya gari la kisasa peke yake. Sitaki kijana wangu awe kama yeye. Nataka apate kile kimoja alichokipata yeye.

Wajerumani wameweka katika mfumo wao jambo linalokaribiana na hilo. Mwanagenzi wa ufundi wa magari hukaa miaka mitatu na nusu, akigawa muda kati ya shule na karakana moja yenye magari ya wateja halisi, na bila kitabu chake cha taarifa za mafunzo haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho. Kwetu uanagenzi upo pia, lakini kwa wahitimu wengi nafasi ya gereji bado ni zile wiki chache. Na sisi wa gereji ndogo tuna sehemu yetu katika hilo. Gereji yetu haina wafanyakazi 10, kwa hiyo haimo kati ya waajiri wanaolipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo tunampokea kama mtu wa kuosha spea, kisha tunalalamika akirudi na cheti. Tangu 2024 mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, umeanza katika baadhi ya shule za sekondari, na vijana watakaogonga milango yetu watazidi kuwa wengi na wadogo zaidi.

Tulichobadilisha

Kijana hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi, na kwa miezi miwili hakuruhusiwa kutoa gari peke yake. Fedha ya bolti ya tairi alirudishiwa, jambo lililonichukua mazungumzo marefu na mwenye gereji kuliko gharama nzima ya injini, kwa sababu aliona ni kama kumpa zawadi mtu aliyetutia hasara. Mwishoni tulikubaliana kanuni iliyobandikwa ukutani: kosa lililotajwa kabla gari halijatoka ni la gereji, na hakuna anayekatwa kwa ajili yake, lililofichwa ni la aliyelificha.

Kadi ya kazi imeongezwa mstari wenye maneno "Kilichonitatiza kwenye gari hili", na haipokelewi mstari huo ukiwa wazi. Bolti ya sampu, filta, nati za tairi, ambazo kwa magari mengi ya Toyota madogo hukazwa kwa Nm 103, na bolti za kalipa za breki hupitiwa na mtu wa pili, ambaye huzitia alama ya rangi. Tulinunua seti ya kutengenezea thredi, ambayo sasa iko wazi mezani. Fundi mkuu ameacha kuuliza "tayari?" na badala yake huuliza, "Nini kimekusumbua?" Ilimchukua muda kuzoea, na akiwa na haraka husahau. Vitabu vya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ninavisaini kila Ijumaa, na sisaini wiki isiyo na angalau jambo moja lililoshindikana.

Wiki za mwanzo mstari ule wa kadi ulijazwa neno "hakuna" kwenye kila gari. Wa kwanza kuandika jambo la kweli alikuwa kijana yule yule. Aliandika, kwa mwandiko wa kubana, kwamba nati moja ya tairi la nyuma kushoto imeingia kwa shida na anaomba iangaliwe. Tuliivua tukakuta imeanza kupanda thredi kombo. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi, na mteja aliambiwa.

Mzee wa IST hajarudi kwetu, na sidhani kama atarudi.

Kwa upande wa chuo, nilimwomba mwalimu afikirie kuwa na angalau gari moja linalotembea, hata likiwa la mfanyakazi wa chuo, ambalo wanafunzi watalihudumia na mwenyewe ataliendesha jioni kwenda nyumbani. Wazo alilipenda mara moja. Kisha akaniuliza, likiharibika atalipa nani, kwa sababu swali hilo ndilo atakaloulizwa na wakubwa wake kabla ya jingine lolote. Nimemwahidi kwamba nitakwenda naye kuwaona, nikiwa na nakala ya kanuni yetu ya ukutani na daftari la malipo la mwezi ule.